Mahindi ya Uwanja wa Ndege

Buya Godhana alikuwa na kazi ambayo watu wa Garsen hawakuielewa, na baada ya mwaka wa pili aliacha kuwaeleza. Kila alipoeleza walimuuliza swali lile lile: sasa ndege ikiwa haipo, wewe unalinda nini? Alilinda uwanja. Ulikuwa uwanja wa hatua mia nane, uliofyekwa kwenye tambarare nyuma ya mashamba ya mto, mwendo wa nusu saa kutoka kivukoni. Alikata nyasi, alifukia mashimo ya ngiri, na alipaka chokaa mawe ya pembeni, mawe yaliyoletwa kwa lori kutoka mbali kwa sababu Garsen haina jiwe hata la kumtupia mbwa. Kila asubuhi alipandisha mlingotini ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakotoka. Watoto waliuita suruali ya mguu mmoja, na watu wazima nao wakalichukua jina hilo, jambo lililomuudhi zaidi.

Uwanja ulikuwa wa kikosi cha ndege cha akiba. Wenye ndege hawakuwa askari wa kila siku. Mmoja alikuwa mkulima wa kahawa, mwingine fundi wa magari, mwingine alikuwa na duka huko Nairobi. Serikali ikiwahitaji, huacha shughuli zao na kurusha vindege vyao. Danson, karani wa kivuko, ndiye aliyemsomea Buya ile karatasi ya kikosi siku ya kwanza, naye Buya, ingawa hakujua Kiingereza, aliishika moyoni kama mtoto wa chuoni anavyoshika juzuu. Kikosi kilikuwa na matawi matatu: tawi la Nairobi, tawi la mlimani na tawi la Pwani, na la Pwani lilikuwa na ndege mbili. Kazi zake zilikuwa sita. Kutafuta waliopotea. Kubeba wagonjwa. Kutazama nzige. Kupeleka barua na maofisa. Kuwasaidia polisi. Na ya sita, ambayo Buya aliipenda kuliko zote, kupeleka chakula baada ya mafuriko.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Yaliyotua uwanjani yalikuwa mengine. Ilitua ndege iliyomleta ofisa aliyesahau kofia yake, ikarudi kuifuata kofia. Ilitua ndege ya kutazama nzige, na rubani, mzungu mrefu ambaye watu walimwita Bwana Miwani, akamuuliza Buya nzige wako wapi, wakati nzige walikuwa kijiji cha jirani, Idsowe, siku ya nne wakimaliza mpunga wa watu. Ilikuja ndege kutafuta mtu aliyepotea, ikazunguka siku nzima, kumbe mtu mwenyewe yuko kivukoni amekaa kwenye kivuli anaitazama. Buya alisimama pembeni kila mara na kibendera chake, shati la kaki limefungwa vifungo mpaka shingoni, akijiambia kwamba wenye kazi zao wanajua wanachofanya. Mtu anayelipwa kuamini ana haki ya kuamini, lakini kuna siku hata mimi ninayesimulia natamani ningemshika mabega nikamtikisa.

Na juu ya hayo kulikuwa na Jilo. Jilo alikuwa Muorma, na ng'ombe wake walikuwa na njia yao ya kuteremka malka, pale wanaponyweshwa mtoni, tangu enzi za babu yake. Waliokuja kupima uwanja waliupitisha juu ya njia hiyo bila kumuuliza mtu. Kwa hiyo kila siku jua likikaribia utosini, ng'ombe mia na ushee walikatiza uwanjani, wakiacha samadi na alama za kwato, na Buya akapuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Jilo hakuwahi kukasirika. Alikuwa akisimama katikati ya uwanja, fimbo mabegani, na kumwambia kwa Kiswahili chake, "Buya, mimi nakuja kila siku na maziwa. Ndege yako nakuja lini, na nakuja na nini?"

Buya alikuwa na jibu. Miaka mitatu nyuma mto ulifurika, maji yakaishia ukingoni mwa uwanja bila kuupanda, na ndege za tawi la Pwani zikatua mara tatu. Zilileta unga, zikaleta daktari, na mara ya tatu zikaleta hata mbegu. Watu walikula. Buya aliyaona kwa macho yake mwenyewe, hakusimuliwa. Tangu siku ile kazi ya sita ikawa kwake kama kalima.

Halafu ukaja mwaka wa tatu wa Hali ya Hatari, serikali ikipigana na waasi kule mlimani, na mafuriko ya mwisho wa mwaka ambayo hayakuishia ukingoni.

Maji yalipoanza kuingia mashambani, Buya alikumbuka agizo la karatasi kwamba mali ya kikosi iokolewe kwanza. Akapakia kwenye mtumbwi suruali ya mguu mmoja, bendera, filimbi, na makopo manne ya petroli, akavuka nayo hadi mwinuko wa ng'ambo. Mbuzi wake wawili aliwaacha kwa zamu ya pili, na zamu ya pili haikuwepo, maana mto ulipanda usiku huo ukawa hauvukiki. Alikaa ng'ambo karibu mwezi mzima na makopo yake ya petroli, akila alichopewa na watu ambao nao hawakuwa na kitu, huku mkewe, Mwanaarusi, akihangaika peke yake upande wa pili. Mbuzi walikwenda na maji. Mwanaarusi alikuwa na mengi ya kusema kuhusu mbuzi wale, lakini aliyaweka, kwa sababu mumewe aliporudi kulikuwa na jambo kubwa zaidi.

Uwanja ulikuwa umeota mahindi.

Si mche mmoja wala kumi. Hatua mia nane zote zilikuwa kijani, mahindi ya shubiri moja, mistari imenyooka. Mto ulikuwa umeupanda uwanja, ukakaa juu yake siku kumi, ukarudi na kuacha tope jeusi la kina cha kiganja, laini kama samli. Mashamba ya kandokando yalikuwa bado yamezama. Sasa mwambie Mpokomo aliyezaliwa mtoni, ambaye mama yake na bibi yake walipanda wakifuata maji yanavyorudi nyuma, asilipande tope kama lile kwa sababu eti ni uwanja wa ndege. Afadhali umwambie asipumue. Waliligawa kwa kamba ya ukindu asubuhi moja tu, kaya thelathini na moja, kila mtu na fungu lake kwa kukata upana, na jirani wa mtoni akawa jirani wa uwanjani, ili kusiwe na ugomvi. Haukutokea hata mmoja. Mbegu waliitoa juu ya meko, mahindi yale ya mwisho yaliyoning'inizwa kwenye moshi yasiliwe na wadudu. Hakuna aliyebakiza.

Buya alisimama pale ambapo mawe yake meupe yalikuwa yamefunikwa, akamuuliza mkewe ni nani aliyewapa ruhusa.

"Mto," Mwanaarusi alijibu. "Na fungu lako lile pale, kati ya la Kalla na la bi Mwanatumu. Nimelipanda mimi."

Ukweli ni kwamba Buya aliyatazama yale mahindi na moyo wake ukaruka kwa furaha. Alikuwa mkulima kabla ya kuwa chochote kingine. Alizaliwa Wenje, kwenye ukingo wa mto, na hakuwahi kuona tope la namna ile. Aliinama akalivunja kidogo kwa vidole, akalinusa. Kisha akakumbuka kazi ya sita, na kuanzia hapo hakupata usingizi.

Aliwaza hivi, na si mawazo ya mjinga. Mahindi yale yangehitaji zaidi ya miezi miwili kukomaa. Njaa ilikuwa ya leo. Watoto walikuwa wanakula mizizi ya yungiyungi inayochimbwa kwenye maziwa ya nyuma ya mto, na matumbo yalikuwa yanawauma. Ndege ingekuja, kama ilivyokuja mara ile, na unga na mbegu, nayo ikikuta mahindi na tope laini ingezunguka na kwenda zake. Hapo watu wangekufa kwa kukosa unga ili waokoe mahindi ambayo wasingeishi kuyala. Hivyo ndivyo alivyowaza. Kosa lake halikuwa katika hesabu, lilikuwa katika ile "ingekuja".

Alikwenda kwanza kwa Danson kivukoni. Danson alimwambia kwamba nguzo za simu zimelala chini tangu kijiji cha Wema, hakuna habari inayoingia wala kutoka, na akamshauri kwa heshima, "Mzee Buya, ngoja simu ipone, tuulize kwanza." Buya akamjibu kwamba mahindi hayangoji simu, kila siku mizizi inazidi kushika, na tope linahitaji kukandwa likauke ndipo libebe magurudumu. Karatasi ilikuwa wazi. Karani alinyamaza, kwa kuwa alikuwa kijana na Buya alikuwa mtu mzima, na hilo nalo linanichoma hadi leo, heshima inayomfunga mdomo mtu aliyeona mbele.

Jioni hiyo Buya aliwaita wenye mafungu wote, akawaambia wang'oe.

Mwenye njaa hana miiko, na aliyasikia ambayo hajawahi kuambiwa na mtu. Aliambiwa ameuza watu kwa shati la kaki. Aliambiwa alilea makopo ya petroli akaacha mbuzi wafe. Alivumilia, akarudia: unga utakuja, na mbegu itakuja, kazi ya sita ya kikosi, tawi la Pwani, ndege mbili. Mwanaarusi hakumtusi. Aliomba wang'oe nusu, nusu ibaki. Buya akasema nusu haitoshi ndege kutua, karatasi inataka mia nane. Ndipo mkewe akamuuliza mbele ya watu wote, kwa sauti ya chini, "Baba Abdulsalam, unga huo umeuona kwa macho au umesikia kwa karatasi?"

"Nimeuona kwa macho. Miaka mitatu iliyopita."

"Wa miaka mitatu iliyopita tulishaula."

Ingekuwa mahali pengine labda shauri lingeishia hapo, na Buya angebaki na aibu yake na watu na mahindi yao. Aliyelikata shauri hilo alikuwa bi Mwanatumu, mjane aliyekuwa akilea wajukuu wanne. Alisimama akasema wajukuu wake hawawezi kungoja zaidi ya miezi miwili, na kwamba Buya hajawahi kumdanganya mtu tangu ahamie Garsen. Kisha akaenda kwenye fungu lake giza likiwa linaingia, akaanza kung'oa. Wengine walimtazama. Mmoja mmoja wakamfuata. Mwanaarusi alikuwa wa mwisho, naye aling'oa fungu la mumewe bila kumruhusu amsaidie.

Kesho yake ilibaki kazi ya kulikanda tope. Watu wakilikanyaga kwa miguu ingewachukua wiki mbili, na kulikuwa na kitu kimoja tu Garsen nzima chenye uzito na miguu ya kutosha. Miaka sita Buya alikuwa amewafukuza ng'ombe wa Jilo kwa filimbi. Sasa alikwenda mwenyewe hadi bomani mwake kuwaalika. Jilo alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akakaa chini. Lakini alikuja. Aliwapitisha ng'ombe huku na huku, akiwaita kwa wimbo wake ambao ng'ombe wale huufuata na kuacha mwingine wowote, siku tatu mfululizo, mpaka tope likashikana likawa kama sakafu ya nyumba. Alipomaliza alilipiga kwa fimbo, likalia ko.

Akasema, "Hapa sasa hata nyasi hapana ota. Ndege yako nakuja kweli, Buya?"

Buya akasema itakuja. Akayafukua mawe, akayapaka chokaa, akaipandisha suruali ya mguu mmoja. Wakangoja.

Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo, na matumbo ya Garsen hayakuhitaji kuambiwa. Siku ya kwanza watu walikuja na magunia matupu na vikapu wakakaa pembeni kama waliokuja arusini. Siku ya tatu walikuja nusu. Siku ya saba walikuja watoto tu, na siku ya nane hata watoto waliacha. Jua liliwaka. Uwanja ukaanza kupasuka nyufa ndogondogo. Buya alikwenda kila alfajiri, shati limefungwa mpaka shingoni, akarudi magharibi, na nyumbani hakukuwa na mazungumzo. Mwanaarusi alimwekea mizizi yake ya yungiyungi kwenye sahani akaifunika, kama ilivyo adabu, akaenda kulala.

Siku ya kumi na moja ndege ilikuja.

Buya aliisikia kabla ya kuiona, ikitokea kusini, akakimbia katikati ya uwanja na kibendera. Watu walitoka majumbani mbio, wengine wameshika magunia tena. Ilikuwa ndege ya Bwana Miwani. Ilishuka chini, chini zaidi, ikapita juu ya uwanja ule uliokandwa vizuri kuliko uwanja wowote wa nchi hii, ikadondosha kopo lililofungwa utepe mwekundu, ikatikisa mabawa, ikainuka na kwenda zake upande wa Lamu. Buya alibaki ameinua kibendera. Wakangoja igeuke. Haikugeuka.

Ndani ya kopo kulikuwa na barua, na Danson aliisoma pale pale uwanjani, kwanza kwa macho peke yake, na Buya akaona uso wake unavyobadilika. Kisha akaitafsiri. Mkuu wa kikosi anamshukuru mlinzi wa uwanja wa Garsen kwa utumishi mwema. Kutokana na mahitaji ya Hali ya Hatari, ndege za tawi la Pwani zimehamishiwa tawi la mlimani. Uwanja wa Garsen umeondolewa kwenye orodha ya viwanja vya kikosi, wala ndege hazitatua hapo tena. Mlinzi arudishe bendera, filimbi, mfuko wa upepo na petroli. Ardhi ya uwanja wananchi wanaweza kuitumia wapendavyo. Chini kabisa Bwana Miwani alikuwa ameongeza kwa mkono wake kwamba barua hii ilikuwa imesahauliwa kwenye meza ya mtu, na kwa kuwa alikuwa anapita kwenda Lamu, ameona bora aidondoshe.

Watu hawakupiga kelele. Nadhani Buya angependa wapige. Mwanaarusi alisogea mpaka karibu na karani.

"Mwanangu," akasema, "barua hiyo iliandikwa lini?"

Danson alimtazama Buya, kana kwamba anaomba ruhusa, kisha akajibu, "Tarehe nne, mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane mto ulikuwa chini," Mwanaarusi akasema. "Tulikuwa tunavuka kwa miguu." Hakumwambia mtu yeyote hasa. Akaliokota gunia lake tupu, akalikunja mara mbili, akaenda nyumbani.

Buya alikaa uwanjani mpaka watu wakaisha. Hasira alikuwa nayo, tena nyingi: juu ya mkuu wa kikosi, juu ya mwenye ile meza, juu ya Bwana Miwani na utepe wake mwekundu. Aliisambaza hasira ile kwa kila mtu anayestahili, na ilipomalizika kugawiwa aliona bado kuna fungu limebaki, nalo ni lake. Kikosi hakikumwambia ang'oe. Kilinyamaza tu. Aliyeng'oa ni yeye, na mbegu ya kaya thelathini na moja alikuwa ameisaga chini ya kwato kwa amri iliyokwisha kufutwa, kwa kuwa alishindwa kungoja nguzo za simu zisimamishwe.

Asubuhi iliyofuata hakuvaa shati la kaki. Alisema moyoni kwamba atapita nyumba zote, moja baada ya moja, hata za waliokwisha kuisikia barua, akiri kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe, na aanze na aliyemwamini wa kwanza. Bi Mwanatumu hakuwapo uwanjani jana. Mjukuu wake mdogo alikuwa na homa ya tumbo, naye hakutoka. Buya alimkuta mbele ya kibanda chake, amepakata mtoto, sufuria juu ya mafiga.

Walisalimiana kwa urefu, kama inavyopasa. Kisha bi Mwanatumu akamuuliza, uso umechangamka kidogo, kama ni kweli ndege imepita jana, na unga unashushwa lini.

"Hauji," Buya akasema. "Haukuwa unakuja. Nilikung'olesha mahindi yako bure."

Mtoto alilia kidogo akanyamaza. Bi Mwanatumu hakuuliza kwa nini, wala ni nani, wala barua ilisema nini. Aliinama, akachota kwenye sufuria uji wa mizizi ya yungiyungi, mwepesi kama maji ya kuoshea mchele, akaumimina kwenye kibuyu, na kumkaribisha mgeni wake akae.

Wajukuu watatu walikuwa wamesimama mlangoni wanakitazama kile kibuyu. Buya alijua ni chakula chao cha siku nzima. Alijua pia kwamba akikataa atakuwa amemwambia mwenye nyumba kuwa yeye ni maskini asiyeweza hata kumpokea mgeni. Akakaa chini, akakipokea kwa mikono miwili, akanywa.